Mafua na tarumbeta: mtoto apulize au apumzike?

Jumamosi mchana mjini Ifakara, harusi ikitoka kanisani, pikapu ya matarumbeta ndiyo hutangulia. Vijana wamesimama nyuma ya gari, mashavu yamejaa, vumbi linawapiga usoni. Baadhi yao bado ni wanafunzi. Na mara nyingi hakosekani mmoja anayepuliza huku kamasi zinamtoka.

Mzazi wake ana kibarua. Akimzuia, kikundi kinapungukiwa na mtoto anakosa posho. Akimwacha, huenda usiku akalia sikio.

Sikio ndilo la kuangalia kwanza. Kuna mrija mwembamba unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati, kazi yake kusawazisha hewa. Mafua yakiingia, mrija huo huvimba na kujaa ute. Anayepuliza tarumbeta hukandamiza hewa kwa nguvu mdomoni, na nguvu hiyo inaweza kusukuma ute kuelekea sikioni. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana watoto huugua masikio kirahisi. Akisema masikio yameziba au yanauma, tarumbeta iwekwe chini siku hiyo hiyo.

Kwa dalili nyingine, tumia shingo kama mpaka. Pua kuziba, chafya na koo kuwasha kidogo: anaweza kupuliza kwa muda mfupi, akiepuka sauti za juu zinazotaka nguvu nyingi. Kikohozi cha kifuani, kubanwa pumzi, mwili kuuma au homa: apumzike. Na homa, katika Bonde la Kilombero, isiitwe mafua kabla mtoto hajapimwa malaria. Kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe kifua kikuu.

Mafua ya virusi kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, na amoksilini ya dukani haiyatibu. Lakini yapo yanayorudi kila mpunga unapopigwa na kupepetwa, au miwa inapochomwa upande wa Kidatu na masizi kuruka. Chafya mfululizo, macho kuwasha, kamasi nyepesi kama maji, bila homa: hiyo huenda ni aleji. Wengi hukimbilia piritoni. Husaidia, ila hukausha mdomo na kuleta usingizi. Midomo mikavu haishiki tarumbeta vizuri, na kijana anayesinzia nyuma ya pikapu inayotembea ni hatari nyingine kabisa. Muulize mfamasia kuhusu setirizini au loratadini, ambazo hazisinziishi sana. Kama mtoto hupiga miluzi kifuani akipumua, apelekwe kwa daktari; inaweza kuwa pumu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii ni usafi wa chombo chenyewe. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Thorax lilieleza habari za Mwingereza aliyekuwa akipuliza zumari la Kiskoti lenye mfuko. Alikohoa kwa miaka. Alipokaa Australia miezi mitatu bila zumari lake, alipata nafuu; aliporudi kulipuliza, hali ikawa mbaya tena, na mwaka 2014 alifariki. Ndani ya zumari zilikutwa aina kadhaa za kuvu. Ni kisa cha nadra, lakini unyevu wa pumzi hubaki ndani ya tarumbeta pia.

Kipande cha kuwekea mdomo kioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kila baada ya kupuliza, na lazima kioshwe kabla ya mwingine kukitumia. Filimbi za shuleni zinazopita mdomo hadi mdomo ni vivyo hivyo. Maji yaliyobaki kwenye mabomba yamwagwe, chombo kikauke kabla ya kufungiwa.

Mtoto aliyezuiwa anaweza kwenda mazoezini bado, kama hana homa wala hakohoi. Tarumbeta ina vitufe vitatu. Akae pembeni avibonyeze kimyakimya wenzake wakipiga. Mwalimu wa kikundi aambiwe Alhamisi, si Jumamosi asubuhi gari likiwa limeshawaka.