Katika Sheria ya Bangi, Mgonjwa Yuko Wapi?

Swali huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya mlango, mgonjwa asisikie. "Sista, eti mafuta ya bangi yanatibu kansa?" Nimeulizwa huku kwetu Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, na wanaoniuliza ni watu wenye heshima zao: binti anayemuuguza mamake, mzee ambaye mkewe hawezi kumeza chochote kwa kichefuchefu cha dawa za saratani, baba wa mtoto mwenye kifafa anayeanguka mchana na usiku. Wanajua kuwa ni kosa la jinai. Wanauliza kwa sababu kila kilichoandikwa kwenye cheti cha daktari wameshakijaribu.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, ile huduma ya kumpunguzia mateso mtu ambaye ugonjwa wake umeshindikana kuponywa. Mkobani mwangu huwa na chupa ya mofini ya kunywa, na mofini hutoka kwenye afyuni. Kwa hivyo mtu akinitajia mmea uliopigwa marufuku sishtuki wala simkemei. Humwomba kwanza anionyeshe alichonunua.

Binti mmoja wa Mtongwe alinitolea kichupa cheusi cha matone, kimebandikwa karatasi yenye picha ya jani. Hapakuwa na jina la kiwanda, tarehe ya kuisha muda, wala kiasi cha dawa katika kila tone. Bangi ina kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zinazozungumzwa sana na madaktari: THC, ambayo ndiyo inayolevya, na CBD, isiyolevya. Mgonjwa anayetafuta hamu ya kula na mtoto anayetafuta nafuu ya kifafa hawahitaji kitu kimoja. Kichupa kile hakikusema kina ipi, na huenda kilikuwa na mafuta ya nazi matupu. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba mama yule alikuwa akimeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. CBD hulizuia ini kuivunja warfarini, dawa hurundikana mwilini, na mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Nilimwomba binti akiweke kando. Kwa ushauri wa daktari tulimpandishia mama kipimo cha mofini, tukambadilishia na dawa ya kichefuchefu, akapata kulala.

Lakini swali lake lilistahili jibu kamili, nami nitalitoa hapa kama nilivyompa yeye. Hakuna ushahidi kwa binadamu kwamba bangi huponya saratani. Nalisema waziwazi kwa sababu nimewaona watu wakiacha tiba ya mionzi kwa ajili ya kichupa cha namna ile. Hata kwa maumivu ya saratani, majaribio makubwa ya kuongeza dawa ya bangi juu ya zile za jamii ya mofini hayakuonyesha faida iliyo wazi kuliko dawa bandia.

Inapofanya kazi ni kwingine. Tangu 1985 Marekani imekuwa na vidonge vya dronabinoli, THC iliyotengenezwa maabara, kwa kichefuchefu kikali cha dawa za saratani. Uingereza mwaka 2010 iliidhinisha Sativex, dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD, kwa misuli inayokakamaa kutokana na ugonjwa wa neva uitwao MS. Halafu ikaja Epidiolex, CBD iliyosafishwa kutoka kwenye mmea wenyewe, iliyopitishwa Marekani Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Katika majaribio, watoto wengi walipunguziwa idadi ya mianguko, ingawa si wote. Hata hiyo inataka macho ya daktari: ikichanganywa na valproati, dawa ya kifafa inayotumika sana huku kwetu, inaweza kulidhuru ini, na damu lazima ipimwe. Bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa kama dola 32,500 kwa mwaka. Yule baba wa mtoto mwenye kifafa niliyemtaja angelazimika kuuza nyumba yake, na mwaka wa pili asingekuwa na cha kuuza.

Wengi hudhani sheria za dunia zimeifunga bangi hata hospitalini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya wenyewe unakiri mwanzoni kabisa kwamba dawa hizi ni za lazima katika kupunguza maumivu, na unazitaka nchi zihakikishe zinapatikana kwa matibabu. Ni kweli bangi iliwekwa pia katika orodha kali kuliko zote, pamoja na heroini. Tarehe 2 Desemba 2020, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, wajumbe wa kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya huko Vienna walipiga kura kuitoa katika orodha hiyo: 27 wakakubali, 25 wakakataa. Imebaki chini ya udhibiti kama mofini, na nchi ina hiari ya kuwa kali zaidi.

Sheria yetu ya Kenya ya 1994 kuhusu dawa za kulevya ina adhabu nzito, lakini inamwacha huru mtu aliyepatiwa dawa kwa matibabu kwa cheti cha daktari. Mofini yangu hupita hapo kila wiki. Katika kazi yangu yote sijakutana na mgonjwa aliyepita hapo na dawa ya bangi. Haipo kwenye rafu za famasi ninazozijua, na daktari hawezi kuandika kisichokuwepo.

Aliyejaribu kulibadilisha hili bungeni alikuwa Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Septemba 2018 alimwandikia Spika akiomba msaada wa kuandaa mswada wa kudhibiti bangi, wenye kuruhusu matumizi ya tiba, utafiti na kuandikishwa kwa wakulima na watumiaji. Miezi michache baadaye alieleza hadharani kuwa alikuwa na saratani ya utumbo mpana, hatua ya nne, na alikwenda kutibiwa Paris. Alifariki 26 Julai 2019, akiwa na miaka 41, na mswada wake haujawa sheria. Mpaka leo naumia nikikumbuka jinsi hoja yake ilivyochekwa vijiweni na hata redioni. Kisha ukaja uchaguzi wa 2022, mgombea urais George Wajackoyah akazunguka nchi nzima akiahidi kulipa madeni ya taifa kwa bangi ya kuuza nje. Alipata kura zisizofika 62,000, lakini aliteka mazungumzo, na tangu hapo mtu akitaja bangi, watu huwaza magunia na dola. Mtoto wa kifafa hakutajwa.

Fikra hiyo ya magunia na dola imeenea. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha tiba mwaka 2017, nchi ya kwanza Afrika. Zimbabwe na Malawi zikafuata. Rwanda ilipitisha utaratibu wake kati ya 2020 na 2021, shabaha ikiwa soko la nje, na uvutaji ukabaki kosa. Siwalaumu wanaotafuta fedha za kigeni. Linaloniuma ni kwamba mmea unaweza kulimwa kwa viwango vya Ulaya, ukapakiwa ndege, ukamtuliza mgonjwa Ujerumani ambako tangu 2017 bima ya afya inaweza kumlipia, na jirani wa shamba lile asipate tone.

Kubadilisha sheria peke yake hakutoshi, na Uingereza imetuonyesha. Juni 2018 Charlotte Caldwell alitua Heathrow na mafuta aliyoyanunua Canada kwa ajili ya mwanawe Billy, aliyekuwa na miaka 12 na kifafa kikali. Maafisa wakayachukua. Billy akazidiwa, akalazwa, na waziri wa mambo ya ndani Sajid Javid akatoa ruhusa ya dharura. Nchi nzima ilishikwa na huruma, na tarehe 1 Novemba mwaka huohuo sheria ikabadilika: daktari bingwa akaruhusiwa kuandika dawa za bangi. Familia zilisherehekea. Lakini nyingi ya dawa hizo hazikuwa na kibali kamili, miongozo ilikuwa ya tahadhari kubwa, na madaktari wa hospitali za serikali waliogopa kutia sahihi. Waliopata mafuta hayo kwa gharama ya serikali ni wachache mno. Waliobaki wamekwenda kliniki za binafsi, na kuna wazazi wanaolipa zaidi ya pauni 1,000 kwa mwezi.

Ndiyo maana ninapoulizwa tufanyeje, naelekeza macho Uganda, na si kwa bangi bali kwa mofini. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Mofini yao ni unga unaochanganywa na maji na kihifadhi, kisha hutiwa rangi kuonyesha ukali: kijani ni hafifu, waridi ni kali zaidi, buluu ni kali kabisa. Bibi asiyejua kusoma anaijua chupa yake. Serikali ikakubali mgonjwa asilipe. Na mwaka 2004, kwa kuwa wilaya nyingi hazikuwa na daktari wa kutosha, sheria iliwapa wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa uwezo wa kuandika mofini wenyewe. Chupa hufungiwa kabatini kwa kufuli, na kila mililita huandikwa daftarini.

Tumeshajua basi, hapahapa Afrika Mashariki, namna ya kuifikisha dawa inayoogopwa hadi kitandani kwa maskini bila kuimwaga mitaani. Wanaopinga, wakiwemo NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana hofu ya kweli kuhusu vijana wetu, na mimi niliyewahi kuwauguza vijana waliochanganyikiwa kwa bangi sitaibeza. Lakini chupa ya CBD iliyosajiliwa, iliyofungiwa kabatini, haimwiti kijana wa maskani. Kinachouzwa Mtongwe bila jina ndicho kinachomfikia kila mtu.

Wakati tukisubiri, nawaambia wazazi wa watoto wenye kifafa wamwone daktari bingwa wa neva na kumwuliza waziwazi, wala wasimfiche kama wameshampa mtoto mafuta. Daktari anahitaji kujua ili apime ini. Anayeuguza saratani aombe mofini, kwani ni halali na ipo, na ni wengi mno wanaokufa na maumivu hawakuiomba.

Na mswada mwingine wa bangi ukifika bungeni, sitaanza na sura ya leseni za wakulima. Nitatafuta kifungu kinachosema nani anaruhusiwa kuandika cheti, nani atalipa, na dawa itawekwa kwenye kabati la kituo gani. Kama muuguzi wa kituo cha mbali kama Lunga Lunga hamo, nitampigia simu mbunge wangu siku hiyohiyo.