Pori Halimlishi Mtu Peke Yake

Mahindi yakianza kukomaa katika vijiji vya Hunyari, Kihumbu na Mariwanda wilayani Bunda, wanaume huhamia shambani usiku. Hubeba tochi na madebe ya kugonga, huwasha moto kwenye kona za shamba na kulala kwa zamu. Tembo wakivuka kutoka upande wa Pori la Akiba la Grumeti, jasho la msimu mzima linaweza kuishia tumboni mwao kabla jogoo hajawika. Kanuni za mwaka 2011 zilimwekea mkulima kifuta jasho, na kifuta machozi kwa familia iliyopoteza mtu. Lakini shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupewa kitu, na aliyeliwa zaidi ya ekari tano alihesabiwa tano tu.

Wako watu wa mjini wanaotamani kuacha ajira wakaishi kwa kile pori linachotoa. Wangekuja Bunda kwanza, waone jinsi pori nalo linavyomla mtu.

Wenyeji wa huku, Waikizu, Wanata na Waikoma, wameishi na nyika hizi vizazi na vizazi, na hawakuitegemea nyika peke yake. Walilima mtama na ulezi, wakafuga, wakarina asali, wakawinda nyumbu walipopita. Kimoja kikikwama, kingine kilishika. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipofagia ng'ombe, njaa na magonjwa vilifuata, vichaka vikasambaa na mbung'o nao. Baadaye ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ukawaacha hata nyumbu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa 250,000, na kufikia 1977 wakawa milioni 1.3. Makundi yanayopigwa picha leo yanadaiwa na sindano ya ng'ombe.

Nyumbu walipozidi kuongezeka, mlango wa kuwafikia ulikuwa umeshaanza kufungwa. Serengeti ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Grumeti na Ikorongo yakawa mapori ya akiba mwaka 1994. Uwindaji ukabaki wa gizani. Mtego wa siku hizi ni waya uliotolewa kwenye tairi lililochomwa, ukafanywa kitanzi na kufungwa kwenye mti pembeni mwa njia ya wanyama. Hauchagui: hunasa nyumbu, hunasa na simba. Nyama hukatwa vipande, ikaanikwa na kubebwa kichwani usiku. Anayekamatwa hushtakiwa kwa kukutwa na nyara za Serikali, na kifungo cha miaka 20 si habari ngeni katika mahakama za Musoma na Bunda. Anayefungwa mara nyingi ni kijana mbebaji, aliyeahidiwa ujira mdogo.

Ziwa Victoria nalo limo katika hesabu hii. Watafiti waliofuatilia kaya za magharibi mwa Serengeti walibaini kwamba bei ya samaki ikipanda, nyama pori huliwa zaidi. Kwa hiyo dagaa wanaoanikwa kwenye mwalo wa Musoma wanamlinda nyumbu kuliko mabango mengi ya barabarani. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika na bei sokoni husogea. Butiama, mbali kidogo na ziwa, mboga hiyo ya dagaa ndiyo inayosindikiza ugali wa udaga wa muhogo, na kaya isiyoimudu hurudi kwenye mlenda.

Mwaka 2020 zilitoka kanuni za kuuza nyamapori kwenye bucha kihalali. Ni hatua, ila bucha humfaa mwenye fedha mfukoni. Jirani wa Grumeti anahitaji kwanza mahindi yake yafike ghalani, fidia inayolingana na hasara na inayofika kabla ya msimu mwingine, na dagaa wa bei anayoiweza. Akikosa hayo, doria ziongezwe mara ngapi, waya utaendelea kufungwa.