Wilson hadi Ukunda: kilomita hazibadiliki, dakika hubadilika

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hadi kiwanja cha Ukunda pale Diani ni kilomita 450 hivi kwa mstari ulionyooka. Mwanafunzi wa sekondari ya Msambweni anaweza kuipata hesabu hiyo mwenyewe kwa ramani na kalamu. Ukunda iko karibu digrii 3 kusini ya Wilson na karibu digrii 2.75 mashariki yake. Huku kwetu jirani na ikweta, digrii moja, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni kama kilomita 111. Basi ni kilomita 330 kwenda kusini na 305 kwenda mashariki. Kanuni ya Pythagoras inamalizia. Ulaya hesabu nyepesi namna hii ingekupotosha, kwani kule mistari ya longitudo imeshasogeleana.

Muda ndio wenye mambo, na mwenye kuuamua zaidi ni upepo. Mwezi wa Julai kusi huvuma kutoka kusini mashariki, na rubani anayeshuka pwani anaelekea huko huko kusini mashariki. Tuseme ndege ndogo inakwenda kilomita 300 kwa saa na kusi linavuma kilomita 40. Kasi yake juu ya ardhi inabaki 260, na safari inachukua saa 1 na dakika 44. Ikirudi Nairobi inasukumwa mgongoni, inakwenda 340, inafika kwa saa 1 na dakika 19. Ndege ya kilomita 500 kwa saa, kwa upepo uleule, hutumia dakika 59 kwenda na 50 kurudi. Kumbe ndege ya polepole ndiyo inayoumia zaidi. Tena anachopokonywa rubani wakati wa kwenda harudishiwi chote: kwenda na kurudi ile ndege ndogo inatumia dakika 183, ambapo bila upepo ingetumia 180, kwa kuwa inakaa muda mrefu zaidi katika upepo unaoipinga.

Saa za kwenye tiketi ni kitu kingine tena. Zinaanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na kuisha inaposimama, kwa hiyo ndani yake mna foleni ya kuruka, kupanda juu na kuteremka, na kasi ile kamili haipatikani kote huko. Usishangae basi safari ya dakika 55 kwa hesabu ikiandikwa saa moja na zaidi.

Kiwanja unachotua nacho kina hesabu yake. Njia ya kurukia ya Ukunda ina urefu wa mita 1,100 hivi. Ya Uwanja wa Moi, Mombasa, ni mita 3,350. Ndiyo maana jeti kubwa hutua Moi, na Ukunda hupokea ndege za pangaboi kama Dash 8 na Caravan. Jeti ina mbio zaidi, lakini mimi simshauri mtu wa Msambweni aichague kwa mbio hizo peke yake. Viwanja hivyo viwili havifiki kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, ila ukipita Likoni kuna mfereji wa kuvuka kwa feri, na foleni yake siku mbaya humeza dakika zote ambazo jeti ingekuokolea. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini ikavuka Mteza hadi Kibundani, inakuepusha na feri. Hapo ndipo Moi inapostahili kulinganishwa na Ukunda.