Kundi Humfuata Mpinzani: Koo za Balambala na Kanuni za Michezo ya Kompyuta

Katika michezo ya kompyuta inayoigiza historia, mtawala huangushwa na watu wake mara nyingi kuliko na adui wa nje. Total War: Rome II, mchezo uliotengenezwa na Creative Assembly ya Uingereza na kutolewa mwaka 2013, uligawa kila dola katika familia na vyama vinavyogombania ushawishi. Mwanzoni hesabu yake ilikuwa ya ajabu kidogo: familia ya mchezaji ilipokosa ushawishi ilikuwa hatarini, na ilipojilimbikizia mno ilikuwa hatarini pia, hivyo hata aliyetawala vizuri aliishia kupigana na ndugu zake. Mwaka 2017 sehemu hiyo ilifumuliwa na kusukwa upya. Kila chama kikapewa kiwango cha utiifu kinachopanda kwa zawadi, ndoa na vyeo, na kushuka kwa dharau na kutelekezwa. Utiifu ukiisha kabisa, chama hujitenga na kuondoka na majeshi na majimbo yaliyo mikononi mwa watu wake.

Crusader Kings III, mchezo wa Paradox Interactive ya Uswidi uliotoka mwaka 2020, huenda njia nyingine. Humo kundi huzaliwa na dai. Wapo wanaotaka kujitenga, wanaotaka mfalme apunguziwe madaraka, na wanaotaka kumkalisha mtu mwingine kwenye kiti. Kompyuta hujumlisha nguvu za kijeshi za wanakundi na kuzilinganisha na za mfalme. Zikitosha, manung'uniko hupanda mwezi baada ya mwezi hadi 100, kisha mfalme huletewa sharti: akubali au wapigane. Mtawala anayeogopwa huwazuia wengi wasijiunge, na anayejua siri ya mtu anaweza kumfunga mikono.

Michezo yote miwili imejengwa juu ya dhana moja: kundi lina jina na mipaka, na mtu ama yumo ama hayumo. Ramani ya Crusader Kings III inafika Pembe ya Afrika, lakini dhana hiyo haifiki mbali huko. Katika eneobunge la Balambala, kando ya mto Tana katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, mtu mmoja yumo katika makundi kadhaa yaliyoingiana, dogo ndani ya kubwa. Lipi litaamka hutegemea nani amesimama mbele yake.

Wakazi wengi wa huko ni Wasomali, ambao koo zao huhesabu nasaba upande wa baba, na mtoto hufundishwa abtirsi, yaani orodha ya majina ya mababu, angali mdogo. Abdwak, ambao ndio wengi Balambala, Aulihan wa upande wa Lagdera na Abdalla wa upande wa Ijara wote ni matawi ya ukoo mkubwa wa Ogaden. Kila tawi lina mbari, na kila mbari ina familia kubwa chini yake. Wafugaji wawili wakigombania zamu ya kunywesha ngamia, swali la kwanza ni babu gani anawakutanisha. Wakikutana kwa babu wa tatu, ugomvi ni wa uzao wa wanawe wawili tu, na jamaa wengine wote hubaki nje na kugeuka wasuluhishi. Mmoja akiwa Abdwak na mwingine Aulihan, njia zao hazikutani mpaka kwa Ogaden, na hapo watu wengi zaidi hujikuta ndani ya jambo wasilolianzisha.

E. E. Evans-Pritchard aliueleza mpangilio wa namna hii mwaka 1940 katika kitabu chake juu ya Wanuer wa Sudan ya wakati huo, na I. M. Lewis akaueleza kwa Wasomali wa kaskazini mwaka 1961. Wataalamu wa kompyuta wanalijua tatizo lile lile kwa sura nyingine: katika mti wa matawi, tafuta babu wa pamoja aliye karibu zaidi na matawi mawili. Dov Harel na Robert Tarjan walichapisha mwaka 1984 njia ya kulipata jibu kwa haraka sana hata mti ukiwa mkubwa. Mzee wa Balambala hupata jibu hilo hilo kwa kichwa, kabla chai haijapoa.

Kinachoonyesha kundi la kweli ni malipo. Mtu akiuawa, mila inataka mag, fidia ya damu, ambayo kwa desturi huhesabiwa ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, ingawa hukubalika pia ng'ombe au fedha. Ni wachache wenye ngamia 100, na hata mwenye nao hatakiwi kulipa peke yake. Mzigo hugawanywa kwa jamaa wa muuaji, na upande wa pili waliofiwa hugawana kinachopokewa. Lewis aliona kwamba watu wanaolipa pamoja ndio chama cha siasa cha msingi, kwa sababu wamefungwa na deni ambalo bado halijatokea. Ndiyo maana kijana mkorofi hukemewa na watu wasio wazazi wake: kosa lake litawagharimu mifugo.

Uchaguzi wa Kenya umeufanya mpangilio huu uonekane kwa macho. Tangu mwaka 2013 mpiga kura hupewa karatasi sita siku moja: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Kwenye karatasi ya wadi, mtu wa Danyere au Sankuri hushindana na jirani yake, na kinachoamka ni familia kubwa au mbari ndogo. Kwenye karatasi ya mbunge, ni mbari kwa mbari. Kwenye ya gavana, walioumana kwa kiti cha wadi husimama pamoja kama Abdwak mbele ya Aulihan na Abdalla. Hakuna aliyemsaliti mwenzake. Katika Rome II mtu huyo angeandikwa kuwa amehama chama mara mbili kwa asubuhi moja.

Kanuni ya ushindi nayo ina uzito wake. Ibara ya 180 ya Katiba inampa ugavana mwenye kura nyingi kuliko wengine, hata asipofikisha nusu. Chukua mfano wa kubuni wa ukoo wenye kura 12,000 na mwingine wenye 8,000. Ule mkubwa ukitoa wagombea wawili wanaolingana, kila mmoja hupata 6,000 na kiti huenda kwa wachache. Hofu hiyo huwakutanisha wazee kwenye shir, yaani baraza lao, miezi kadhaa kabla ya kura, ili kila ukoo usimamishe mtu mmoja, kisha koo zigawane viti: huyu gavana, yule naibu wake, wale seneta. Wakenya huuita mpango huo demokrasia ya maafikiano. William Riker alidai mwaka 1962 kwamba muungano wa siasa hujaribu kuwa mkubwa kiasi cha kushinda tu, maana kila anayezidi ni mdomo mwingine wa kulishwa. Kwenye mabaraza ya wazee, kanuni hiyo haihitaji kufundishwa.

Uzito wa kundi na nguvu yake si kitu kimoja, na hapa michezo hukosea zaidi. Katika bunge lenye makundi ya asilimia 45, 40 na 15, wawili wowote wakiungana hupita nusu, kwa hiyo lile dogo lina nguvu sawa na kubwa. Lionel Penrose mwaka 1946 na John Banzhaf mwaka 1965 walionyesha namna ya kulipima jambo hili. Katika kinyang'anyiro cha ugavana hali hubadilika kidogo, kwani wenye 45 hushinda wenyewe wengine wasipoungana. Hata hivyo wenye 15 ndio wanaotembelewa usiku. Kompyuta inayohesabu askari peke yake ingewaona si kitu.

Udhaifu wa maafikiano ni kwamba wazee hawana jeshi. Kaunti ya Mandera iko mbali na Garissa lakini mfano wake unajulikana kaskazini nzima: wazee wa ukoo wa Garre walipoamua kwamba viongozi waliochaguliwa mwaka 2013 wasirudi, gavana Ali Roba alikaidi, akagombea na kushinda mwaka 2017. Ibara ya 38 inampa kila raia haki ya kuwania kiti, na neno la shir haliwezi kuifuta. Wanawake ndio wanaoumizwa zaidi na mpango wenyewe. Mwanamke aliyeolewa nje ya ukoo wake huulizwa kiti chake kitahesabiwa kwa baba au kwa mume, na mara nyingi jibu ni kwamba hakitahesabiwa kwa yeyote. Sophia Abdi Noor alipochaguliwa mbunge wa Ijara mwaka 2017, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha eneobunge huko Kaskazini Mashariki.

Na bado ni kupitia wanawake kwamba mti wa nasaba hugeuka wavu. Mwenye mama wa Aulihan ana wajomba upande wa pili wa ugomvi, na Max Gluckman aliandika mwaka 1955 kwamba mafungamano kama hayo yanayokatizana ndiyo huzuia uhasama usifike mwisho wake. Katika hili Crusader Kings III inastahili sifa, kwa kuwa ndoa ndani yake ni siasa kamili na mkwe huitwa vitani.

Mipaka ya uwanja wenyewe hubadilika pia. Matokeo ya sensa ya 2009 yalipofutwa katika wilaya nane, Lagdera ikiwemo, kilichogombaniwa kilikuwa uzito wa kila upande kwa miaka iliyofuata. Kisha Tume ya Uchaguzi ilichora upya ramani mwaka 2012, na eneobunge la Dujis likagawanywa kuwa mji wa Garissa na Balambala. Wadi za Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri zilipata mbunge wao. Watu wa mjini hawakuwamo tena kwenye karatasi ya mbunge wa Balambala, na kwa kanuni ile ile ya babu wa pamoja, mpinzani wa ubunge akawa jamaa wa karibu zaidi.