Ufa Ndio Dalili ya Mwisho

Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, na ghorofa mpya zinainuka kando ya zile za zamani. Nguzo ya jengo la zamani ikionyesha ufa, mwenye nyumba humwita fundi azibe kwa lipu, kisha rangi. Ufa hufichika, lakini kilichouleta kinaendelea kulila zege.

Zege jipya lina alkali kali, pH karibu 13, inayozivisha nondo utando wa kuzuia kutu. Miaka inavyopita, kabonidioksidi ya hewani hupenya polepole na kuigeuza chokaa ya ndani kuwa kabonati. pH ikishuka chini ya 9, utando huvunjika. Maji ya mvua yakifika, nondo hushika kutu, kutu huvimba na zege hupasuka.

Nyundo ya Schmidt, inayopima ugumu wa uso kwa mrejeo wake, ni rahisi kutumia. Tatizo ni kwamba kabonati hukaza uso wa zege. Nyundo huweza kuonyesha nguvu isiyokuwepo ndani, kwenye jengo lile lile lililo hatarini. Haifai kutegemewa peke yake.

Kutu hutafutwa kwa umeme. Waya huunganishwa na nondo, kisha kipimo chenye shaba na salfeti ya shaba husogezwa juu ya zege lililoloweshwa. Kwa kigezo cha Marekani, usomaji ulio chini ya milivolti -350 humaanisha uwezekano wa kutu unazidi asilimia 90, hata kama uso hauna doa.

Mawimbi ya ultrasauti nayo hufichua nyufa ndogo za ndani. Katika zege zuri sana hupita kilomita 4.5 kwa sekunde. Yakishuka chini ya 3, zege hilo ni la kutiliwa shaka. Nyufa za namna hiyo hazitokani na kutu pekee. Katika kituo cha umeme cha Nalubaale, Jinja, kilichofunguliwa 1954, alkali ya saruji ilimenyuka na silika ya kokoto, na zege likavimba na kupasuka.

Mwenye jengo, kabla ya kupaka rangi upya, mwite mhandisi apime kwa njia zaidi ya moja. Hifadhi ripoti, na vipimo vijavyo vifanywe mahali pale pale, kwa sababu mabadiliko ya namba ndiyo yanayotoa onyo la mapema.