Chunjua: Weka Wembe Mbali na Mkono wa Mtoto

Nikiwa darasa la tano nilikuwa na chunjua tatu kidoleni, zile ambazo wengine huziita sunzua. Mwenzangu wa dawati alikataa kunishika mkono tukicheza. Shangazi akazikata kwa wembe. Damu ilitiririka, na baada ya wiki chache zikaota tano.

Shangazi hakujua kwamba chunjua huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo viko vya aina zaidi ya 200. Virusi hivi hupenya kwenye mchubuko mdogo na kuifanya ngozi ikue kupita kiasi. Kwa hiyo kila jeraha la wembe ni mlango mpya, na wembe huo ukitumiwa na mwingine, naye yuko hatarini.

Lakini mbona zimpate mmoja na kumwacha ndugu yake? Jibu kubwa ni kinga ya mwili. Wataalamu wamechunguza pia jambo waliloliita msongo wa oksidesheni. Mwili unapotumia oksijeni hutokeza chembe kali zisizotulia, na zikizidi uwezo wa mwili wa kuzizima, huharibu seli. Tazama parachichi lililokatwa: likikaa wazi hugeuka rangi, ukilipaka limau huchelewa.

Mwaka 2005 watafiti wa Uturuki walichapisha matokeo ya kupima damu ya watu wenye chunjua. Mabaki ya mafuta yaliyoharibiwa na chembe hizo yalikuwa mengi kuliko kwa watu wasio nazo. Je, ndizo zilizoleta chunjua? Hapo ndipo wauza vidonge vya vitamini hutuchezea akili. Chembechembe nyeupe za damu hutumia chembe hizohizo kali kama silaha za kupigana na virusi, hivyo huenda msongo huo ni matokeo ya vita wala si chanzo chake.

Basi, mzazi, usimalize pesa kwa vidonge. Chunjua nyingi za watoto huisha zenyewe katika muda wa miaka 2. Zikisumbua, duka la dawa lina asidi ya salisiliki, ambayo hupakwa kila siku kwa wiki kadhaa, lakini kamwe si usoni. Daktari naye aweza kuzigandisha kwa naitrojeni baridi. Mwenye kisukari asijitibu nyumbani.

Zangu zilitoweka nikiwa darasa la saba, bila dawa. Kovu la wembe ningali nalo.