Kuifungua Injini Iliyochoka

Miongoni mwa injini ambazo watu wasio mafundi wa kusomea hupenda kuzifungua nyumbani, 22R ya Toyota ina nafasi ya pekee, kwa kuwa ilifungwa katika pikapu nyingi za Hilux za miaka ya 1980, ina silinda nne tu zenye jumla ya sentimita za ujazo 2,366, na bloku yake ya chuma cha kusubu huvumilia kuchongwa upya. Anayeifungua baada ya kilomita 300,000 hudhani kwamba kazi kubwa ni kufungua na kufunga nati, ilhali kazi kubwa hasa ni kupima, nako kupima huanza kabla boliti ya kwanza haijalegezwa.

Kipimo cha mwanzo ni cha mgandamizo, yaani shinikizo linalopatikana pistoni inapoibana hewa ndani ya silinda. Silinda moja ikionyesha shinikizo dogo kuliko nyingine, humiminwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha hupimwa tena: shinikizo likipanda, kasoro imo katika ringi, yaani pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda, kwa sababu oili imeziba kwa muda pale zilipolika, lisipopanda, yafaa kuzishuku valvu au gasketi ya hedi. Jaribio hili dogo huweza kumwepusha mtu na kazi ya wiki nzima, maana valvu zinazovuja hutengenezwa kwa kuvua hedi peke yake.

Ukuta wa silinda nao hauliki sawasawa. Sehemu ya juu, ringi zinapogeukia, ndiyo hulika zaidi, kwani huko joto na shinikizo la mlipuko ni kali na oili ni haba, hivyo silinda ambayo ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 92 hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali kwa pande mbili. Tofauti ikizidi kiwango cha mtengenezaji, ringi mpya hazitafaa kitu. Hununuliwa pistoni kubwa zaidi, ambazo hupelekwa pamoja na bloku kwa mkerezaji ili achonge kwa kuzifuata zenyewe, na mwenye kung'ang'ania kumaliza kila kitu nyumbani hapo hujitafutia hasara.

Katika 22R za tangu takriban 1983, mnyororo wa taimingi, unaoizungusha kamshafti, huongozwa na reli za plastiki ambazo hukatika zikizeeka, kisha mnyororo uliolegea husaga kifuniko chake cha alumini hadi maji ya rejeta yakaingia kwenye oili. Kuzirudisha reli za zamani ni ubahili usio na maana.

Bloku iliyochongwa huoshwa kwa maji moto na sabuni, kwa kuwa mafuta ya taa peke yake huacha chembe za jiwe la kusugulia, na ikikauka hupakwa oili papo hapo isishike kutu. Injini ikishaunganishwa tena, ikawaka na kupata moto, nafasi za valvu hurekebishwa ikiwa ingali ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea moshi.